Kofia za Kale za Jeshi la Ujerumani: Mwongozo Kamili wa Kuzikusanya na Kutambua Vitambaa Vyake

Mkusanyaji mpya akishika kofia ya zamani ya jeshi la Ujerumani, macho yake huenda kwenye tai, beji ya ndege iliyo mbele ya kofia. Wauzaji wanalijua hilo. Tai wa alumini hushikiliwa na vijipini vinavyokunjwa kwa nyuma, na kufumba na kufumbua ameshahamia kofia nyingine. Ndivyo kofia ya zimamoto au ya mlinzi wa misitu ya miaka ya 1950 inavyobadilishwa mkanda, ikapachikwa tai, ikauzwa kuwa kofia ya afisa wa mwaka 1938.

Kitambaa si rahisi kukidanganya hivyo. Kilikatwa, kikashonwa na kuvaliwa pamoja na kofia yenyewe. Kimekunywa jasho, kimepauka pale palipopigwa na jua, na kimebaki na rangi yake pale palipofichwa. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza na kitambaa, unaingia ndani ya kofia, na beji inakuja mwisho. Nakusihi ufuate mpangilio huohuo kila unapoikagua kofia, hata kama muuzaji anakuharakisha.

Hatua ya 1: Chagua kipindi kabla ya kutoa pesa

Kofia za Ujerumani ni bahari, na asiyechagua kipindi huishia na sanduku la vitu visivyohusiana.

Kipindi cha kwanza ni cha himaya, hadi 1918. Askari wa kawaida alivaa kofia laini ya mviringo isiyo na ukingo wa mbele wa kukinga jua, ambayo wauzaji huiita Krätzchen au Feldmütze. Afisa alivaa kofia ya chepeo, Schirmmütze. Askari wa miguu wa Prussia alikuwa na kofia ya buluu iliyokoza yenye mkanda mwekundu, kisha mwaka 1910 ikaja sare ya vita ya feldgrau, kijivu chenye ukijani ndani yake. Kofia hizi zina kokadi mbili, yaani beji ndogo za mviringo. Ya juu ni ya dola nzima, nyeusi, nyeupe na nyekundu, iliyoongezwa mwaka 1897. Ya chini ni ya jimbo: nyeusi-nyeupe-nyeusi kwa Prussia, nyeupe-buluu-nyeupe kwa Bavaria, nyeupe-kijani-nyeupe kwa Saxony, nyeusi-nyekundu-nyeusi kwa Württemberg.

Baada yake kuna Reichswehr, 1919 hadi 1935, jeshi dogo lililobanwa na mkataba wa Versailles. Kofia zake ni chache. Inafuata Wehrmacht, jeshi la enzi ya Wanazi, 1935 hadi 1945, ambayo ndiyo inayotafutwa kuliko zote na kughushiwa kuliko zote. Mwisho ni majeshi mawili ya Ujerumani iliyogawanyika: Bundeswehr ya Magharibi, iliyoanza Novemba 1955, na NVA ya Mashariki, iliyoundwa tarehe 1 Machi 1956 na kufutwa Oktoba 1990.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni NVA. Jeshi lile lilipovunjwa, maghala yalifunguliwa na kofia zikamwagika sokoni kwa wingi, kwa hiyo bei ni ya chini na mtu hana sababu kubwa ya kughushi. Kitambaa ni cha rangi ya kijivu cha jiwe, na mshono wa rangi kwenye kingo, yaani utepe mwembamba ulioshonwa katikati ya vipande viwili vya kitambaa, hutaja kikosi: mweupe kwa nchi kavu, wa samawati kwa anga, wa kijani kwa walinzi wa mpaka. Nunua moja ya askari na moja ya afisa, uziweke mezani pamoja. Tofauti ya vitambaa utakayoihisi pale ndiyo somo lako la kwanza, na umelipata kwa bei nafuu.

Hatua ya 2: Fundisha vidole

Huhitaji kwenda Berlin kujifunza sufu. Nenda kwenye mitumba siku marobota ya makoti yanapofunguliwa. Makoti ya Ulaya yana lebo ndani inayotaja kilichomo: sufu asilimia 100, sufu na poliesta, viskosi (nyuzi zinazotengenezwa kwa mbao). Soma lebo, funga macho, kamata kitambaa, kikunje ngumini, kiachie. Sufu halisi hurudi yenyewe na kujinyoosha. Viskosi hubaki na mikunjo. Poliesta huteleza na kutoa ubaridi wa plastiki. Chukua makoti mawili matatu yaliyochoka ambayo hakuna atakayeyavaa, ukate vipande, uviandike majina na kuvihifadhi kwenye daftari. Utavirudia kila unapopata kofia mpya.

Mtafute pia fundi cherehani mzee anayeshona suti. Atakuonyesha mtande, nyuzi zinazokaa wima kwenye kitanda cha mfumi wakati wa kufuma, na mshindio, zinazopita kushoto na kulia. Ukishajua kuzitofautisha chini ya lenzi, nusu ya kazi imekwisha. Lenzi yenyewe iwe ya kukuza mara kumi, ile ya masonara.

Hatua ya 3: Vijue vitambaa kimoja kimoja

Sehemu hii usiipite haraka.

*Tuch*, sufu iliyopondwa. Hiki ndicho kitambaa cha msingi cha kofia za Ujerumani kwa zaidi ya karne. Husokotwa kwa nyuzi fupi za sufu, hufumwa, kisha hupondwa ndani ya maji na sabuni mpaka kijikaze na nyuzi zishikane. Baadaye uso wake huchambuliwa ili vinyweleo visimame, hukatwa sawasawa na kubanwa. Matokeo yake ni kitambaa ambacho ufumaji hauonekani; unaona uso tu. Daraja za chini, zilizopewa askari, huwa nzito, zinakwaruza na zina chembe za rangi tofauti ukizitazama kwa lenzi. Daraja za juu, ambazo afisa alijinunulia kwa fundi wake, zina vinyweleo vifupi vilivyolala upande mmoja na vinang'aa kidogo: ukipitisha kidole upande mmoja kitambaa hupoa rangi, ukirudisha hukolea.

Mahali pa kuchunguza Tuch ni pale ilipochakaa: pindo la juu la kofia, na mstari ambapo mkanda unakutana na paa. Hapo vinyweleo huwa vimeisha na ufumaji umejitokeza. Kofia inayodai kuvaliwa vitani miaka mitatu, lakini ina vinyweleo kamili kila mahali, inataka maelezo. Vilevile uchakavu wa kughushi hufanywa kwa msasa, na msasa hula pia mahali ambapo mkono wa mtu haufiki, kama katikati ya paa.

*Trikoti*. Kofia nyingi nzuri za maafisa wa Wehrmacht ni za kitambaa hiki. Uso wake una mistari myembamba sana ya wima iliyokaribiana, na ukiupapasa kwa ukucha unasikia mtetemo mdogo. Hakina vinyweleo, kwa hiyo hakichakai kama Tuch; huanza kung'aa pale kinaposuguliwa. Wanaoghushi hupata shida sana hapa, maana mistari ya vitambaa vya kisasa mara nyingi ni minene zaidi na imelala kwa ulinganifu uliopitiliza.

*Gabadini*. Ina mistari ya mshazari mkali, mikali kuliko digrii 45, upande wa mbele tu. Nyuma huwa tambarare. Hufumwa kwa uzi wa sufu iliyochanwa, Kammgarn kwa Kijerumani, ambapo nyuzi ndefu hunyooshwa pamoja na zile fupi hutupwa kabla ya kusokota. Ni nyepesi na imara. Kwa bahati mbaya gabadini ya sufu haikuacha kutengenezwa baada ya vita, hivyo kitambaa hiki peke yake hakithibitishi umri. Lazima bitana na uzi wa kushonea vikubaliane nacho.

*Moheri*. Mkanda mweusi wa kofia ya chepeo ya jeshi la anga, Luftwaffe, na ule wa jeshi la majini ulifumwa kwa manyoya ya mbuzi wa Angora. Una vimbavimba vya wima na mng'ao mzito usio wa plastiki. Huwa mgumu kidogo ukiuminya. Nakala za kisasa hutumia rayoni au poliesta: mng'ao wake ni mweupe, mkali, na ukanda huwa laini mno mkononi.

*Mahameli*. Katika himaya, maafisa wa mizinga na wahandisi wa Prussia walikuwa na mkanda wa mahameli nyeusi. Miaka ya Wehrmacht, mkanda wa kofia ya chepeo ya nchi kavu ulikuwa wa sufu ya kijani-buluu iliyokoza. Mahameli nyeusi ilikuwa ya maafisa wa SS, kikosi cha chama cha Nazi. Ukikuta mkanda wa mahameli kwenye kofia inayodaiwa kuwa ya nchi kavu ya 1940, simama uulize.

*Pamba*. Kofia ya jangwani, yenye ukingo mrefu, iliyotolewa kwa kikosi cha jenerali Rommel kilichotua Libya Februari 1941, ni ya pamba ya mshazari ya rangi ya zeituni, na bitana yake ni ya pamba nyekundu. Jua la Afrika Kaskazini na kufuliwa mara kwa mara viliipausha mpaka karibu na weupe. Mpauko halisi una ngazi: paa limepauka zaidi, mikunjo imebaki na rangi, na ukifunua mshono kidogo unakuta rangi ya awali imejificha. Kofia iliyotiwa dawa ya kupausha imepauka sawasawa mpaka ndani ya mshono, na uzi wenyewe umepauka pia. Pamba nyingine utakayokutana nayo ni ile iliyofumwa kwa mtindo wa mfupa wa samaki, iliyotumika kwa sare za kazi na za kiangazi.

*Mchanganyiko wa Zellwolle*. Ujerumani haikuwa na sufu ya kutosha, na tangu mpango wa miaka minne wa 1936 serikali ilisukuma nyuzi zilizotengenezwa kwa mbao ziingie kwenye kila kitu. Kadiri vita vilivyoendelea sehemu ya sufu ilipungua. Kofia ya 1944 mara nyingi ni legelege, haina uhai ngumini, uso wake una vinundu na rangi yake imeelekea kahawia. Usidhani ni ya kughushi kwa sababu ni mbaya. Ubaya huo ndio ukweli wake. Ila uishike kwa hadhari, maana nyuzi hizi hupoteza nguvu zikilowa na kofia inaweza kuraruka kwa maji tu.

Vita vya kwanza navyo vilikuwa na dhiki yake. Meli za Uingereza zilipofunga njia za bahari, pamba na ngozi viliadimika, na Wajerumani wakasokota hata karatasi kuwa uzi. Kofia ya 1917 yenye ukanda wa jasho au bitana ya nyuzi za karatasi ni shahidi mzuri wa njaa ile, na kwa mkusanyaji ina thamani kuliko ukamilifu wowote.

Hatua ya 4: Isome rangi

Feldgrau ni familia ya rangi. Kofia za miaka ya 1930 zina ukijani ulio wazi. Za 1942 na kuendelea zinakuwa za kijivu zaidi. Za mwisho zinaelekea kahawia. Vikosi vya Jäger (askari wa miguu wepesi) vya himaya vilivaa kijivu-kijani chao tofauti na feldgrau ya wengine. Itazame kofia nje, kwenye kivuli cha mchana, si chini ya taa ya duka. Picha za mtandaoni usiziamini kwa rangi. Mwombe muuzaji aweke karatasi nyeupe kando ya kofia apige picha upya, hapo utaona simu yake imepotosha kiasi gani.

Mshono wa rangi kwenye kingo za kofia ya chepeo hutaja kikosi. Kwa nchi kavu ya Wehrmacht: mweupe askari wa miguu, mwekundu mizinga, waridi vifaru, njano ya dhahabu wapanda farasi, njano ya limau mawasiliano, mweusi wahandisi, kijani cha wazi vikosi vya milimani. Waridi huongeza bei sana, basi ndiyo rangi inayobandikwa zaidi. Fungua macho kwenye mshono: ule wa kiwandani umeingia katikati ya vipande viwili vya kitambaa na umepauka pamoja navyo, uliobadilishwa huacha matundu ya zamani ya sindano pembeni.

Kwenye kofia za kukunja zisizo na ukingo kulikuwa pia na utepe wa rangi wenye umbo la V juu ya kokadi. Amri ya Julai 1942 iliuondoa. Utepe huo ukiuona kwenye kofia ya muundo wa 1943, ile yenye ukingo na masikio ya kushusha yanayofungwa kwa vifungo mbele, mtu ameupachika baadaye.

Hatua ya 5: Geuza ndani

Bitana za maafisa zilikuwa za hariri bandia, mara nyingi rangi ya dhahabu au kahawia, na juu yake kipande cha seluloidi, plastiki ya zamani, chenye umbo la almasi kinacholinda nembo ya mtengenezaji. Seluloidi ya zamani huwa ngumu, ya manjano, imepasuka au kukunjamana. Plastiki laini na safi kama ya jana ni ishara mbaya. Bitana za askari zilikuwa za pamba au kitambaa kilichopakwa nta.

Majina utakayokutana nayo sana ni Erel, ya Robert Lubstein wa Berlin, iliyojulikana kwa ukanda wa jasho usiobana paji la uso, na Peküro, ya Peter Küpper wa Wuppertal-Ronsdorf. Ni majina makubwa, na kwa hiyo nembo zake zinachapishwa upya. Kofia za ghala la jeshi zina mihuri badala ya nembo. Ya himaya huanza na B.A., kifupi cha ofisi ya mavazi ya jeshi, ikifuatwa na namba ya kikosi na mwaka. Ya Wehrmacht hutaja kiwanda, mji, mwaka na saizi kwa sentimita, na miaka ya mwisho jina la kiwanda likabadilishwa na namba ndefu inayoanza na RB. Wino wa kweli umezama ndani ya nyuzi na kingo zake zimefifia.

Ukanda wa jasho wa ngozi unapaswa kuwa mweusi zaidi mbele, penye paji la uso, na weusi huo uwe umepenya hadi kwenye kitambaa cha nyuma yake. Inua ukanda utazame. Jasho lililopakwa kwa mafuta au rangi ya viatu hukaa juu tu.

Ukingo wa kofia ya chepeo ulikuwa wa vulkanfaiba, yaani karatasi ya pamba iliyogandamizwa kwa kemikali, ikapakwa vanishi nyeusi. Ugonge kwa ukucha: unalia kikavu. Vanishi ya umri huo ina nyufa ndogondogo kama matope ya bwawa lililokauka. Ukingo wa plastiki hauna nyufa hizo na sauti yake imefifia.

Hatua ya 6: Vipimo vitatu

Mwanga wa urujuanimno. Nunua tochi ndogo, ingia chumba chenye giza, imulike kofia nje, ndani, na kwenye uzi wa kushonea. Nyuzi na sabuni za kisasa zina kemikali za kung'arisha zilizoenea baada ya vita, nazo huwaka buluu-nyeupe. Kofia ya zamani hubaki giza. Lakini uwe na haki: kofia halisi iliyofuliwa na mjukuu kwa sabuni ya miaka ya 1970 nayo itawaka. Kinachohukumu ni uzi wa ndani ya mshono, ambako sabuni ilifika kidogo. Uzi ukiwaka kwa nguvu hata huko, jibu umelipata.

Moto. Kipimo hiki ni cha nyuzinyuzi moja iliyokwisha kulegea ndani ya mshono, kamwe si cha kipande. Ishike kwa kibano na uiwashe mbali na kofia, na mbali zaidi na seluloidi, ambayo hushika moto vibaya. Sufu hunuka nywele zilizoungua, hujizima yenyewe na kuacha majivu meusi yanayosagika. Pamba na viskosi huungua haraka kwa harufu ya karatasi na kuacha majivu mepesi ya kijivu. Poliesta huyeyuka na kuacha tone gumu. Poliesta haikuwa sokoni mpaka miaka ya 1950, basi kofia ya 1940 iliyoshonwa kwa uzi huo imejieleza yenyewe, au angalau imekarabatiwa.

Lenzi kwenye mishono. Fuatilia uzi unaoshikilia tai wa kufumwa kwenye kofia ya kukunja. Kiwandani mara nyingi alishonwa kabla ya bitana kuwekwa, hivyo uzi hautokezi ndani. Ukitokeza kwenye bitana, huenda ameongezwa baadaye. Askari waliopewa beji mpya walishona wenyewe pia, kwa hiyo usitupe kofia kwa hili peke yake. Lichukulie kuwa swali moja kati ya mengi.

Hatua ya 7: Sasa itazame beji

Tai aliwekwa kwenye kofia za jeshi kwa amri ya Februari 1934. Za mwanzo na za katikati ni za alumini au metali nyeupe. Za mwisho ni za zinki, nzito na za kijivu. Mtoe taratibu ikiwezekana. Chini yake panapaswa kuwa na kivuli: umbo la tai lenye kitambaa kisichopauka, na jozi moja tu ya matundu. Matundu ya ziada yanasema kulikuwa na beji nyingine. Afisa alikuwa na kamba ya kidevu ya nyuzi za alumini, jenerali ya dhahabu, askari ukanda wa ngozi nyeusi iliyong'arishwa.

Kuna kofia moja inayostahili tahadhari ya pekee: kofia laini ya afisa ya muundo wa zamani, isiyo na waya ndani wala kamba ya kidevu, yenye ukingo unaokunjika na beji za kufumwa. Kwa kuwa maafisa wa vifaru waliipenda na picha zao zimesambaa, karibu kila muuzaji anayo. Usinunue hii ikiwa ya kwanza kwako.

Kofia zilizovaliwa kwetu

Schutztruppe, jeshi la kikoloni la Afrika Mashariki ya Kijerumani, liliundwa rasmi mwaka 1891. Askari wake Waafrika walivaa tarbushi yenye kiunzi cha kusukwa kilichovishwa kitambaa cha kaki, tai wa chuma mbele na kipande cha kufunika shingo nyuma. Wazungu walivaa helmeti za koki, gamba jepesi la mti kama la vizibo vya chupa, zilizovishwa kitambaa cha kaki, na kofia pana ya felti ya kijivu yenye upande wa kulia uliopandishwa, ambayo kwa Afrika Mashariki kingo zake zilikuwa nyeupe. Buluu ilikuwa ya Afrika Kusini Magharibi na nyekundu ya Kameruni. Za mabaharia huambatana na utepe wenye jina la meli. Utepe wa manowari S.M.S. Königsberg, iliyozamishwa na wenyewe katika delta ya Rufiji Julai 1915, unaghushiwa mno.

Tarbushi halisi zilizosalia ni chache sana. Kaki ya pamba haivumilii mchwa na unyevu. Inasimuliwa kwamba mwaka 1964, Ujerumani Magharibi ilipoamua kuwalipa askari wazee waliokuwa hai, baadhi yao walikuja Mwanza na vipande vya sare kuwa ushahidi wa utumishi wao. Ikiwa katika sanduku la babu kuna kipande cha namna hiyo, usikiuze kwanza. Kipige picha palepale kilipo, andika jina la babu, kijiji, alikopigana na nani alikihifadhi. Kisha wasiliana na Makumbusho ya Taifa au Idara ya Mambo ya Kale kabla ya kukitoa nchini; kwa Kenya ni Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Na tusifiche: kofia hizo zilikuwepo Uhehe katika vita dhidi ya Mkwawa, zilikuwepo kusini katika Maji Maji ya 1905 hadi 1907. Za miaka ya 1933 hadi 1945 zilivaliwa na jeshi lililotumikia utawala wa mauaji ya halaiki. Ninazikusanya kwa sababu ni ushahidi, na ushahidi huhifadhiwa na wanaojua ulichofanya. Anayezitafuta ili kuwatukuza waliozivaa, mwongozo huu si wake.

Sheria

Ujerumani inakataza kuonyesha hadharani alama za Kinazi chini ya kifungu cha 86a cha sheria ya jinai, isipokuwa kwa elimu, utafiti, sanaa na mfano wa hayo. Ndiyo maana kwenye matangazo ya huko swastika hufunikwa. Austria ni kali zaidi, na Ufaransa inakataza kuvaa au kuonyesha hadharani. Masoko makubwa ya mtandaoni yana makatazo yao. Soma sheria ya nchi inakotoka, inakopita na inakofikia. Nyumbani, kumbuka kwamba Agosti 2023 JWTZ, jeshi la Tanzania, ilitoa siku saba kwa raia kusalimisha mavazi yanayofanana na sare zake. Kofia ya mkusanyiko haivaliwi barabarani, na kwenye fomu ya forodha andika wazi kuwa ni kofia ya kale ya kukusanya, na mwaka wake.

Kutunza

Pwani ndipo penye kazi. Unyevu wa Dar es Salaam, Mombasa au Zanzibar huotesha ukungu kwenye ngozi kwa muda mfupi, na nondo hupenda sufu iliyokunywa jasho. Kofia mpya isiingie kabatini moja kwa moja. Kama haina sehemu za seluloidi au vanishi iliyopasuka, ifunge kwenye mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, iweke kwenye friza ya nyuzi 18 chini ya sifuri kwa wiki mbili, kisha iache siku nzima irudi kwenye joto la kawaida kabla ya kufungua mfuko. Yenye seluloidi itenge kwenye mfuko wa plastiki unaoonyesha kilichomo na uikague kwa wiki kadhaa, ukitazama unga na vibuu.

Usifue. Usipige pasi. Usipake ngozi mafuta wala usisugue beji zing'ae. Vumbi litoe kwa brashi laini, ukilivuta kwa mashine ya kufyonza vumbi yenye mvuto mdogo, iliyofunikwa wavu mdomoni. Naftalini iache, harufu haitoki na inaweza kudhuru plastiki za zamani. Jaza ndani kwa karatasi isiyo na asidi ili paa lisilale, weka kwenye boksi pamoja na vifuko vya silika, na mbali na dirisha. Tumia glavu unapoishika: zinalinda metali dhidi ya jasho lako, nawe dhidi ya dawa za wadudu ambazo makusanyo ya zamani yalipuliziwa.

Kila kofia iwe na kadi yake ndani ya boksi. Andika aina, mwaka wa muhuri, saizi, kitambaa cha nje, cha mkanda na cha bitana, matokeo ya mwanga wa urujuanimno, rangi ya mshono, matengenezo uliyoyagundua, uliinunua kwa nani na lini. Bandika nakala ya risiti, na picha tano: mbele, nyuma, juu, ndani, na chini ya ukanda wa jasho.